Ukungu wa Kushoto

Maji aliyochorea Bwana Leberecht niliyateka mimi,
kwa ndoo ya bati, kwenye bwawa lile lile alilolichora.
Basi anayesema bwawa la pichani si la kweli
hajui kitu.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, binti wa mtunza bustani,
vidole vimepasuka kwa baridi ya Machi.
Yeye kajikunyata juu ya kigoda
akilamba ncha ya brashi kama paka aonjaye maziwa;
buluu ilimkaa mdomoni mpaka jioni.

Alianza na anga. Aliilowesha karatasi nzima,
akadondosha tone moja, akaliacha lijiendee.
"Rangi ya maji haiamrishwi, Ottilie," akasema,
"hubembelezwa."
Nikaliona kasri likizuka taratibu:
paa la shaba lililoota ukijani,
madirisha arobaini na moja
(niliyahesabu; mama ndiye aliyeyasugua),
ngazi zinazoteremka hadi mto Elbe,
misonobari, na bata wawili ambao siku ile hawakuwapo.

Kisha, kushoto, ukingoni mwa bwawa, akaniweka mimi.
Kahawia kidogo ya sketi, kijivu cha ndoo,
na kilemba changu hakukipaka rangi,
aliuacha tu weupe wa karatasi.
Lakini nilikuwa mimi. Bega la kulia lilikuwa limelemewa.

Msimamizi wa kasri akaja kukagua.
Akanyoosha kidole chenye pete:
"Na huyu? Mfalme hakulipia ndoo."

Bwana Leberecht hakujibu.
Alichukua sifongo, akaichovya katika maji yangu,
akanifuta.

Hakunifuta vizuri, au hakutaka. Sijui mpaka leo.
Karatasi nayo ina ubishi wake:
iliinywa ile kahawia, ikagoma kuirudisha yote.
Pale niliposimama pakabaki weupe uliochafuka,
kioo kilichopumuliwa.

Siku hizi picha imetundikwa kwenye ukumbi mkubwa,
na Jumapili hata sisi tunaruhusiwa kuingia.
Nilikwenda na mjukuu wangu; viatu tulivipangusa mara mbili.
Mabibi wawili walikuwa wamesimama mbele yake.
"Utazame ukungu ule wa kushoto," mmoja alinong'ona,
"unavyopanda kutoka bwawani!
Asiyewahi kupenda hawezi kuchora ukungu kama ule."

Mjukuu akaniuliza mbona nacheka.
Nikamwambia: tazama vivuli, mwanangu, vilivyo vifupi.
Ilikuwa saa saba mchana.
Bwawa lile halijapata kuwa na ukungu saa saba mchana.