Taa ya Paji la Uso

Ya kwanza niliinunua Darajani.
Boksi limeandikwa nambari ndefu kama ya simu,
muuzaji akaapa: "Hii ukiiwasha Unguja
wanafumba macho Bagamoyo."
Elfu kumi na mbili. Nikaifunga kwenye helmeti
ya bodaboda ya kaka, kwa mpira wa baiskeli,
nikajiona tayari kuingia tumboni mwa Makunduchi.

Ussi Pandu aliipokea mlangoni mwa pango.
Hakucheka. Aliitikisa sikioni
kama mtu anayechagua nazi.
Ndani kitu kikagonga.
"Umesikia? Hiyo si taa, kayamba hiyo."

Yeye huhesabu popo. Mwaka wa tisa huu anashuka
na kurudi na daftari lililochafuliwa na wale wanaoandikwa humo.
Alinifunza kwa malipo ya chai na mkate wa mofa:

Taa hukaa kichwani kwa kuwa mikono si yako tena,
mmoja ni wa jiwe, wa pili ni wa jiwe jingine.
Izamishe ndooni usiku kucha; alfajiri iwake.
Vibanio vinne, usiniletee mpira:
dari ya matumbawe haimwogopi mtu, itakuzaba kofi,
na taa isiyoshikwa itatangulia shimoni bila wewe.
Betri nenda nayo kisogoni, shingo isinung'unike.
Mwanga mpana ni wa miguu,
mwembamba wa kuulizia kina.
Na usiuwashe wote, bibi weye! Mkali humulika pumzi yako,
ukasimama mbele ya ukungu uliouzaa mwenyewe.
Halafu, kitandani, fumba macho ubadili betri.
Ukishindwa kitandani...
Hakumaliza. Alininyooshea vidole vitatu:
ya kichwani, ya shingoni, na ya mfukoni
ambayo unaomba usiihitaji.
Akiba haiozi, wanasema. Betri huoza. Kagua.

Mwezi wa tatu nilikuwa nimelala kifudifudi
kwenye uchochoro wa mawe, maji yakiniingia shatini,
taa mpya ya elfu tisini ikakonyeza mara mbili,
ikazimika.
(Kosa langu. Usiku wa jana yake nilikuwa arusini,
sikuichaji.)

Giza la chini halifanani na la usiku.
La usiku lina jogoo mbele yake,
lina jirani anayekohoa.
Hili lilinikaa machoni kama kitambaa kibichi.
Nikauweka mkono mbele ya uso, nikauona.
La, sikuuona. Niliukumbuka.
Bibi zetu waliteka maji humu kwa vimwenge vya makuti,
masizi yao yangali darini, juu yangu, popote palipo juu.
Nikapapasa. Mfuniko. Chanya mbele, hasi nyuma,
kama nilivyofanya mara arubaini chini ya shuka.
Jiwe likarudi mahali pake.

Ila somo gumu halikuwa la betri.
Siku ile ya mwanzo Ussi aliponiita, nikageuka kumtazama,
akaufunika uso kwa kiganja: "Umenipofua!"
Huko chini, unayetaka kumwona usimtazame.
Uso upe ukuta, maneno umpe yeye,
mwache akae pembeni ya mwanga, nusu,
na hiyo nusu ikutoshe.

Jana umeme ulikatika.
Nikavaa taa yangu, nikawa napara samaki uani.
Mama akaja kuniuliza habari za yule mtu wa popo,
ana kwao, ana nia, au ana daftari tu.
Nikamjibu huku nimeigeukia ndoo.
"Mbona hunitazami, Mize? Umekasirika?"
"Sijakasirika, mama. Ndiyo adabu ya—"
Nikainua mkono wenye magamba, nikaizima.
Tukabaki wawili gizani,
yeye akingoja nimtazame,
mimi nikingoja macho yafike.