Jiwe K-9

Mawe yamefika na basi la asubuhi,
viroba viwili, vimefungwa kwa kamba ya katani.
Ndekirwa kayaandika kwa wino mzito:
K-4, tuta la chini. K-11, tuta la juu, upande wa jua.
Kondakta kanitoza nauli ya viazi.

Sijapanda Kibo. Barafu ninayoijua
ni ya Mama Tatu wa Kigogo, ya ubuyu,
unaing'ata kwenye kona ya mfuko.
Kazi yangu ni kinu, chekeche, hadubini.
Mama alinifunza kuchambua mchele, nitupe mawe;
hapa Mlimani nalipwa kutupa vumbi
nibaki na chembe nyeusi, moja moja, kwa kibano.

Jiwe likilaliwa na barafu halioni mbingu.
Siku barafu inapolitua begani, ikaenda zake,
miale ya mbali mno huanza kulitoboa,
mmoja, mmoja, na kila mmoja huacha alama.
Hesabu alama, utajua jiwe lilifiwa lini.

Tukayapanga. Tuta la chini: kongwe.
Barafu ilisukuma kifusi mpaka pale, ikachoka,
ikarudi juu; ikashuka tena, safari hii isifike,
kama mchumba aliyekatazwa,
anafika konani, anaona taa ya baba mtu,
anageuka.

Ukutani kwangu kuna matuta pia:
mistari ya tope, kila Msimbazi ulipoingia bila hodi.
Wa kiunoni ni wa mwaka aliozaliwa Shani.
Wa magotini ni wa godoro.
Juzi mwenye nyumba kaja na ndoo ya chokaa.
Nikamwambia, paka kote, uache upande wa mlango.
Akanitazama kama mgonjwa.

Ila K-9 limekataa.
Limetoka tuta la juu, na umri wake
unalipita tuta la chini kwa miaka elfu kadhaa.
Labda liliporomoka kutoka jabalini
likiwa na hesabu zake za zamani, barafu ikalibeba tu.
Ndekirwa kasema kwenye simu: litoe kwenye jedwali.
Nimelitoa.

Kipande kilichobaki kinazuia mlango wa maabara
upepo wa saa tisa usiubamize.
Jua likipenya dirishani linakipapasa,
nacho, nadhani,
bado kinahesabu.