Jina Lilo Wapi

Umeme ulirudi Pasua saa tano kasoro usiku.
Mashine ya chama cha msingi ikakohoa,
ikaandika LILO,
ikafuata na vitone saba,
ikanyamaza.

Lilo. Shuleni tulifundishwa
ni neno lisilosimama peke yake:
jambo lilo gumu, jina lilo zuri.
Hapa lilisimama peke yake kwenye kioo cheusi
kama mtu aliyesahau alichokuwa anasema.

Bi Aikaruwa, karani, alikaa juu ya kreti la soda,
mkoba magotini, viatu amevivua.
"Faili lipo?"
Nikaiamsha kwa diski nyingine, nikamwonyesha.
Lipo. Jina lile lile, ukubwa ule ule.
Tarehe tu ndiyo ya jana,
jana mwanawe Elirehema "aliposafisha":
alilinakili, akafuta la zamani,
akalivika jipya jina la marehemu.
"Sawa. Kama lipo, liko wapi?"

Miaka tisa ya kazi hii, sikuwahi kuulizwa hivyo.
Wapi yake haikuwa ya folda.
Ilikuwa wapi ya mtu anayetaka kwenda.

Shangazi Ndeanka, kule Uru, haoni.
Toka mlangoni hadi kwenye isale, hatua sitini na mbili,
kata kushoto, kumi na moja, banda la mbuzi.
Tulipolihamisha banda bila kumwambia
alimwaga majani yote juu ya shuka zilizoanikwa
akatutukana hadi jua likazama.
Na hakuwa amekosea hata hatua moja.

Kiamshi cha mashine ni yeye.
Kinaishi kwenye sekta ya kwanza kabisa,
baiti mia tano na kumi na mbili, nyumba ya chumba kimoja;
hamna pa kuweka elimu ya majina.
Kinahesabu tu.

Basi nikaiuliza diski, kwa namba.
Ikasema: bloku 34816.
Mara nane. Jumlisha 2048, pale mpaka wa shamba unapoanzia.
280576.
Niliiandika nyuma ya risiti ya Luku,
nikaenda huko bila kutaja jina la mtu,
nikasoma ghafi.
Mwisho wa sekta: 55, AA.
Sekta ya pili, mwanzoni tu, herufi nne, HdrS,
alama ya ukoo.
Lilikuwa pale. Hasa pale.
Nilisikia mkono wangu unatetemeka, nikaona haya.

Kisha nikaenda kule ramani ya zamani ilikoelekeza,
kule kiamshi kilikokwenda kugonga tangu asubuhi.

Mchome, kilo 41.
Kiwelu, kilo 38 na nusu.
Ndetaulwa, kilo 12, haijalipwa.

"Hiyo niliandika mimi," alisema. "Jana jioni."
Alikuwa ameandika mizani ya msimu
kwenye kiwanja kilichoachwa wazi,
na mashine kutwa nzima ilijaribu kuamka
kwa kuitii kahawa.

Nilicheka. Yeye hakucheka.
"Huyo Ndetaulwa alifariki mwezi wa tatu."
Akavaa kiatu kimoja, akaacha.
"Mjane wake huja kila Jumatano. Namwambia lipo kwenye kompyuta."

Kuandika ramani upya ni amri moja fupi.
Vitone vikaja, vikapita saba, vikaendelea,
na kioo kikajaa maandishi yanayokimbia
ambayo hakuna anayeyasoma.

Aliomba ile risiti.
Nilitaka kumwambia namba hiyo ni ya usiku huu tu,
Elirehema akisafisha tena itakuwa ya uongo.
Alikuwa ameshaikunja mara nne,
ameitia mkobani, upande wenye zipu,
na pikipiki ilikuwa inapiga honi nje.