Zima Kwanza Hiyo Mashine

Kila baba niliyemhoji, kutoka Mabela hadi Wadi Kabir,
aliyajibu maswali kumi na manane kwa sauti ya hotuba:
baba ni nguzo, baba ni dari, baba ndiye mwenye neno.
Mkono ulizoea
hata nikawa naandika kabla hawajasema.

Tukifika la kumi na tisa,
*Lini mara ya mwisho ulimpakata mwanao?*
kikombe kilitikiswa, kahawa basi,
na kidole kikaelekea kinasa sauti:
"Zima kwanza hiyo mashine."

Nikazima.

Muhanna, mhandisi wa mabomba ya mafuta,
mabega ya kuziba mlango,
ndiye anayemsuka binti yake asubuhi
ndani ya gari, nje ya geti la shule, vioo vimepandishwa,
maana mkewe bado hajatoka zamu ya usiku.
Alijifunza kwenye simu,
akafanyia mazoezi matamvua ya kilemba chake.
"Misuko ya kwanza ilikaa kama kamba ya kufungia mbuzi."
Alicheka, kisha akanikazia macho:
"Hilo usiandike."

Zahran wa Mawaleh, mstaafu wa jeshi,
hakuwahi kumbusu mwanawe akiwa macho.
Alingoja alale.
"Sasa ana ndevu," akasema,
"na analala kwake, Sohar."

Mwakio, Mtaita, mlinzi wa jengo la Al Khuwair,
hakuwemo kwenye sampuli.
Fomu ilitaka baba *anayeishi na familia*.
Alinifungulia mlango simu ikiwa sikioni,
anamsimamia mtoto aliyeko Voi kuzidisha saba kwa nane.
"Hamsini na ngapi? Rudia. Sina haraka."
Salio likaisha kwenye *hamsini na*.
Akabaki kaushika ule ukimya
kama mtu aliyekuwa akishikilia baiskeli ya mtoto kwa nyuma,
na baiskeli imeshakwenda.

Chuoni fomu ilikuwa na neno la kugharimia,
neno la kusimamia, neno la kuadhibu.
Nilitafuta *kulea*, sikuliona.
Wazee wetu walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana;
hawakusema kazi ya nani.
Sisi ndio tuliojaza.

Na baba yangu.
Nilimwacha wa mwisho: mahojiano thelathini na moja,
Al Hail, mwanamume, miaka sabini na minne, mzaliwa wa Wete.
Miaka minne alinipeleka chuo na kuningoja garini,
kiyoyozi kimezimwa petroli isiteketee,
kanzu imemganda mgongoni,
na nikimuuliza kwa nini harudi nyumbani
husema gari limechoka, lipumzike kidogo.

Aliyajibu yote kumi na manane kama wenzake.
Nguzo. Dari. Neno.
Likaja la kumi na tisa, nikanyoosha mkono kuzima.
"Iache," akasema. "Iache iwake."

Kisha hakusema kitu.

Dakika kumi na moja na sekunde nne.
Mnasikika kiyoyozi.
Inasikika honi ya gari la gesi, inapita, inarudi.
Linasikika chungwa likimenywa, ganda moja refu lisilokatika,
na kokwa zikidondoka sahanini, moja,
moja.
Nasikika mimi nikitafuna.

Msimamizi wangu ameandika pembeni kwa wino mwekundu:
*Na. 31 haina data. Ondoa?*

Sijamjibu.
Majina humu nimeyabadilisha yote, na mitaa.
Chungwa ni lilelile.