Ritifaa

Mama Sidi Mwang'ombe alitoka Muyeye kwa miguu
na simu iliyopasuka kioo,
akaiweka mezani pangu kama mtu anayeweka risiti.
"Soma," akasema. Nikasoma maneno yangu mwenyewe:
Asante. Ombi lako la basari limepokelewa.

Limepokelewa na nani?
Nikafungua hifadhidata. Hakuna.
Nikatafuta kwa namba ya simu, kwa shule, kwa tarehe.
Hakuna.
Skripti ilikuwa imeshukuru, ikafunga mlango,
ikatupa karatasi kwa dirisha la nyuma.

Niliiandika mimi, Ramadhani, kati ya tarawehe na daku,
umeme wa Malindi ukienda na kurudi,
na pale palipotakiwa neno "nimeshindwa"
niliacha kimya:
mabano mawili matupu, kama viganja.

"Labda ni mtandao, mama."
Hakubishana.
Aliyezoea "labda" za ofisini habishani,
huchukua simu yake akaketi kwenye benchi.

Usiku ule nikarudi kwenye mabano, nikayajaza.
Mistari minne tu:
saa, ukurasa, kilichoombwa, kilichokataa.
Faili nikaliita batli, neno la manahodha,
maana chombo hata kikizama
daftari lake hutakiwa lifike.
Namba za vitambulisho nikazizuia zisiingie.
Shahidi si mmbea.

Kesho yake likaanza kusema, kwa saa za mashine, si zetu:

08:14 Barani, ukurasa umefunguliwa
08:15 umefungwa
09:02 picha ya cheti nzito mno, imekataliwa
10:40 Ganda, ombi limehifadhiwa
11:26 KOSA
11:31 KOSA
11:33 KOSA, simu ileile, hakati tamaa

Nikayasoma majina kwa sauti, chai ikipoa.
Kadzo Kang'ombe, wa Maweni.
Ong'ayo, wa Kisumu Ndogo.
Nyang'wara. Ng'owa.
Nikarudia, na masikio yakagundua kabla ya macho:
ng', ng', ng'.

Kialama kile, ritifaa,
tulichofundishwa darasa la pili kukitundika juu ya mstari
ili ng'oa isisomwe ngoa,
skripti yangu ilikiona kuwa ndio mwisho wa maneno.
Ikalikata jina katikati:
Mwang
ikaishia hapo,
na ombe ikabaki nje, isijue
aombe nini, wala kwa nani.

Mimi naitwa Twalha Badi.
Jina langu nililijaribu mara mia kabla ya uzinduzi.
Lilipita kila mara.

Kurekebisha kulinichukua dakika kumi na moja.
Nimeziandika nazo.
Lakini miezi mitatu ya kabla ya batli
haina mstari hata mmoja;
ina shukrani tu, zilizotumwa kwa adabu
kwa watu ambao sitawajua idadi.

Nikampigia Mama Sidi. Tukajaza upya, herufi kwa herufi,
nikamsomea: 16:07, Mwang'ombe, limehifadhiwa.
Akanyamaza. Nikasikia jogoo kwake, na mtoto akikohoa.
"Vyema," akasema.
"Na lile la kwanza, mwanangu,
liliandikwa wapi?"