Tambi Zisizo na Sukari

Nilianzia sokoni, kwa Mama Nyanzobe wa viungo.
"Tambi za mchele," nikamwambia.
Akanipa pakiti ya zile za futari,
nyembamba kama nywele za kichanga.
"Za mchele," nikarudia.
"Mchele uko gunia lile pale. Tambi ndizo hizi.
Sasa unataka niwafungishe ndoa?"

Nikapanda hadi duka kubwa la barabara ya Kenyatta,
lenye feni na kijana wa kufuata wateja kwa macho.
Spageti za namna tisa. Siki. Mafuta ya zeituni.
Rafu ya chini kabisa, nyuma ya chakula cha paka,
pakiti moja yenye maandishi nisiyoyajua,
pembe yake imeguguniwa na panya.
Bei: kilo sita za mchele wa Kahama.
Nikairudisha polepole, kama mtu aliyeshika cha wenyewe.

Hanh angecheka.
Miaka miwili alipanga chumba changu cha uani, hapa Kirumba,
akinunua mabondo ya sangara Mwaloni,
akiyainua juani kama anayekagua noti.
Kiswahili chake kilikuwa cha mizani:
kavu, bichi, punguza, kesho.
Jumapili alipika.
Mimi mwenye nyumba nilijifanya naulizia LUKU,
nikaondoka na bakuli.

Kisha ukaja ule mtungi wa kioo.
Dagaa wabichi na chumvi, tatu kwa moja, dirishani penye jua.
Wiki ya pili Mzee Bwire akaja na mjumbe
kuuliza kama kuna mtu amefia humo ndani.
Hanh akalegeza kifuniko, kidogo tu.
Mjumbe akakumbuka ana kikao.

Kibali kilipokwisha aliondoka kwa siku tatu.
Aliniachia sufuria ya mvuke,
viungo vitano vikavu vyenye umbo la nyota,
na mtungi, na karatasi juu ya kifuniko:
USIFUGUE KABLA YA PASAKA.
Herufi moja imepungua. Sikuiongeza.

Pasaka imepita.

Juzi usiku nimeloweka mchele vikombe viwili,
asubuhi nikausaga kwa blenda, uji mweupe, mwepesi.
Nikakaza kitambaa mdomoni mwa sufuria
kama ngozi ya ngoma, nikamwaga upawa mmoja, nikafunika.
Karatasi ya kwanza ilichanika.
Ya pili iligandia kitambaa.
Ya tatu niliila nimesimama, ya moto, bila kitu, kwa hasira.
Ya nne ikabanduka nzima.
Nikaiinua dirishani, na nyuma yake nikaliona ziwa,
magugu maji, na yale mawe yanayobebana
bila kuulizana nani mzito.
Nikaikunja. Nikaikata kwa kisu cha samaki.

Mchuzi ni kichwa cha sangara na mapanki ya kiwandani,
tangawizi na kitunguu vilivyounguzwa mkaani hadi vikawa vyeusi,
nyota moja kati ya tano.
Mwisho, kijiko cha maji ya mtungi.
Nilikuwa nimeziba pua. Nikazibua:
Jumapili yote ikaingia jikoni.

Mume wangu Lufungulo amenawa, amekaa, ametazama bakuli.
"Sukari ya hizi tambi iko wapi?"
"Hazina."
"Na ugali?"
"Leo haupo."
Mjukuu wetu Limi keshavuta uzi mmoja, fyooo,
mchuzi ukamrukia babu yake kwenye miwani.
Lufungulo ameifuta. Ameonja.
Hakusema kitu. Baadaye alisukuma bakuli upande wangu,
tupu, huku akitazama kalenda ukutani
kama mtu asiyehusika.

Nimepiga picha, nimemtumia Hanh. Tiki moja, ya kijivu.
Jioni nikashuka Mwaloni kununua dagaa kisado kimoja,
na chumvi. Mzee Bwire ameniona nikipita nao
akafunga dirisha.
Mtungi wa zamani umebaki vidole viwili.
Kwenye kifuniko cha mpya nimeandika kwa wino mzito:
USIFUGUE KABLA YA PASAKA.
Kosa nimelinakili makusudi.