Mshumaa wa Nane

Magodoro nimeyahesabu mara tatu: kumi na moja.
Watu, nimeacha kuhesabu.
Wa Kampala wamekuja na mito yao ya kulalia,
wa Butembo wamekuja na debe la mawese,
kuku wawili waliofungwa miguu
na mtoto ambaye hakuna aliyesema ni wa nani.

Ukiita "Baluku!" katika nyumba hii
wanaitika watano,
maana kwetu kila kifungua mimba wa kiume ni Baluku.
Masika tunao wanne, mmoja bado ananyonya.
Basi tumewapa majina ya msimu:
Baluku wa Benki, Baluku wa Ng'ambo,
Baluku Mrefu, Baluku Anayekoroma,
na mume wangu, Baluku Ulisema-Utaleta-Gesi.

Ishirini na saba Desemba, Kilembe.
Ukoko wa pilau ya Krismasi umeng'ang'ania sufuria,
Nyamwamba inanguruma nyuma ya choo.
Wengine wanasonga bundu,
wengine wanatwanga sombe,
wengine wanatoa ushauri.
Watoto wa Kampala hawajui Kikonzo,
wa Butembo hawajui Kiingereza,
Kiswahili kimetandikwa katikati,
godoro la kumi na mbili.

Mama mkwe anatimiza themanini.
Umri huo aliupata kwa karani, mwaka wa vitambulisho.
"Mama, ulizaliwa lini?"
"Kahawa ilikuwa imeanikwa."
Karani akaitazama mikono yake,
akaisoma kama daftari la madeni,
akaandika mwaka.

Keki imepanda bodaboda kutoka Kasese mjini,
imefika imeegemea upande,
mlevi mwenye adabu.
Mishumaa midogo iliisha madukani kabla ya Krismasi,
nikanunua ile mirefu, ya umeme ukikatika:
minane, kila mmoja miaka kumi.

Tumeshawasha. Makofi yameshaanza.
Ndipo Ithungu, dada yake wa Butembo,
anauliza kutoka kiti cha plastiki:
"Hii minane ya nani?"
"Ya mama."
"Mama yupi? Mimi nina sabini na sita.
Huyu nilimbeba mgongoni,
akakojolea gauni langu la komunyo ya kwanza.
Tangu lini mbebwa akamzidi mbebaji?"

Kimya.
Hata Baluku Anayekoroma ameamka.
Baluku wa Benki anaanza kupiga hesabu za pesa za wazee,
mkewe anamkanyaga mguu.

Mama mkwe anageuza viganja, juu, chini,
kama mtu aliyerudishiwa chenji asiyoidai.
Kisha anacheka,
na mimi, miaka kumi na tisa katika boma hili,
nimemwogeshea wagonjwa, nimepika misiba yake,
kicheko hicho sikuwahi kukisikia.
"Kumbe nina akiba!"
Anang'oa mshumaa mmoja, anaupuliza,
anaufunga kwenye pindo la kitenge
pale anapofunga senti.

Saa nane usiku umeme umekatika.
Kitanda changu nimempa shangazi,
nimejikunja kwenye viti viwili ukumbini,
nahesabu kilo za mchele zilizobaki
na siku za wageni zilizobaki,
hazilingani.
Mwanga unakuja taratibu.
Ni yeye, anavuka miguu ya watu,
jozi baada ya jozi,
anamshika mkono yule mtoto asiye na mwenyewe.
Nainuka.
"Lala," ananinong'oneza. "Huu natumia wangu."

Mlangoni mtoto anamuuliza:
"Bibi, kwani wewe ni wa nani?"

"Kojoa kwanza," anamjibu,
ameukinga mwali dhidi ya upepo wa milimani
kwa mkono uleule
ambao karani aliusoma vibaya.